Mwongozo kamili wa kufuatilia wanafunzi wakishatoka sekondari: nani kafika chuo, nani kaishia njiani

Uliza shule yoyote matokeo ya mtihani wa mwisho, watakupa mpaka nukta ya desimali. Sasa uliza wale waliomaliza mwaka juzi leo wako wapi, utaona watu wanaangaliana. Mmoja atasema "aah wengi wako chuo", mwingine atakutajia yule aliyeenda kusomea udaktari (yule anatajwaga kila mwaka), na habari inaishia hapo.

Mimi mwaka wa kwanza kupewa hii kazi nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu analifanya. Nikatengeneza fomu ya Google, nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp la waliomaliza, nikasubiri wiki mbili, nikajumlisha, nikapeleka ripoti inang'aa kweli kweli. Mwalimu mmoja wa hisabati akainua mkono akauliza: na ambao hawajajibu? Nikakosa la kusema.

Angalia hesabu yenyewe. Tuseme walimaliza 120, wakajibu 60, kati ya hao 48 wako chuo. Ukigawa 48 kwa 60 unapata asilimia 80, unashangilia. Ukigawa 48 kwa 120 unapata asilimia 40. Ukweli uko katikati sehemu fulani, kwa sababu kama wale 60 waliokaa kimya wote wako chuo basi ni 108 kati ya 120, yaani asilimia 90, na kama hakuna hata mmoja ni 40. Kwa hiyo unachokijua kwa hakika ni "kati ya 40 na 90", ambayo ni sawa na kusema hujui. Na aliyekosa chuo hana hamu ya kujaza fomu ya kutangaza kakosa chuo, anayejaza haraka ni yule mwenye habari njema, kwa hiyo usijidanganye kwamba waliokaa kimya wanafanana na waliojibu. Sehemu kubwa ya huu mwongozo ni namna ya kuwapunguza hao wasiojulikana, na namna ya kuwahesabu kwa uaminifu wale watakaobaki.

HATUA YA 1: Amua unamhesabu nani, uandike, usibadilishe

Kabla ya kufungua Excel kaa na wenzako mkubaliane kundi lenu ni lipi. Ni waliofanya mtihani wa mwisho? Waliofaulu? Au wote walioanza mwaka wa mwisho? Kila jibu linatoa asilimia tofauti, na shule ikitaka kujipamba huwa inachagua waliofaulu, maana hapo karibu wote wanaenda mbele.

Ushauri wangu chukua wote waliokuwa kwenye daftari la mahudhurio siku fulani mwanzoni mwa mwaka wa mwisho, andika hiyo tarehe, na hiyo orodha ndo inabaki mpaka mwisho hata kama mtu aliacha shule katikati ya mwaka. Aliyehamia shule nyingine unaweza kumtoa ila tu kama una uthibitisho kwamba kweli alipokelewa huko, siyo "nasikia alihama". Hii "nasikia alihama" ndo mlango wanakopotelea watoto wengi walioacha shule kimya kimya.

Jambo la pili la kukubaliana ni "chuo" maana yake nini. Kozi ya cheti ya miezi sita ni chuo? Ufundi je? Mtu anayerudia mtihani? Ili msigombane kila mwaka tumieni ngazi za UNESCO zinazoitwa ISCED, toleo la 2011, zinakwenda 0 mpaka 8. Sekondari ya juu ni ngazi ya 3. Ngazi ya 4 ni masomo ya baada ya sekondari ambayo bado hayajafikia elimu ya juu, ya 5 ni programu fupi za elimu ya juu (diploma nyingi zinaangukia hapa), 6 ni shahada ya kwanza, 7 uzamili, 8 uzamivu. Ukiandika ngazi ya ISCED pembeni ya jina la kozi, hata baada ya miaka mitano mtu mwingine akifungua faili anaelewa, na unaweza kujilinganisha na nchi nyingine bila kubabaika na majina ya vyeti.

HATUA YA 2: Gawa safari kwenye milango mitano

Watu wanachanganya kupata nafasi na kwenda. Ubao wa "waliochaguliwa vyuo" ni wa nafasi tu, haukwambii nani alifika. Mimi nafuatilia milango mitano: ameomba, amepata nafasi, ameripoti na kusajiliwa, amefika mwaka wa pili, amemaliza. Kila mlango una tarehe yake na ushahidi wake.

Pengo baya zaidi mara nyingi liko kati ya mlango wa pili na wa tatu. Marekani wana mpaka jina la hili jambo, "summer melt", wanalifananisha na kitu kinachoyeyuka wakati wa likizo ya kiangazi, na watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page walikadiria kwamba kulingana na eneo na aina ya wanafunzi, kati ya asilimia 10 na 40 ya waliokusudia kwenda chuo hawaonekani huko muhula ukianza. Hao ni watu waliofaulu, wengi wao nafasi wameshapata, halafu katikati ya barua ya chuo na siku ya kuripoti kinatokea kitu. Na shule ishafungwa, walimu wako likizo, chuo bado hakiwahesabu kuwa ni wa kwake, kwa hiyo hakuna mtu mwenye jukumu la kuwaulizia.

HATUA YA 3: Kusanya mawasiliano kabla hawajatoka getini

Hii fanya wiki ya mwisho ya masomo, au siku ile wanakuja kusaini kitu ambacho lazima wakisaini. Baada ya hapo unakimbizana na namba zilizokufa. Vitu vya kuchukua:

- Jina kamili kama litakavyokuwa kwenye cheti, pamoja na majina mengine anayoyatumia au aliyowahi kutumia
- Tarehe ya kuzaliwa
- Namba ya mtihani, na namba ya utambulisho ya taifa kama anayo na sheria inaruhusu uichukue
- Namba yake ya simu na barua pepe BINAFSI, siyo ile ya shule ambayo itafungwa miezi miwili baadaye (usicheke, nimeona shule imepoteza kundi zima hivo)
- Namba ya mzazi au mlezi
- Namba ya mtu wa tatu: "nani atakuwa anajua ulipo hata ukibadilisha laini?"
- Mpango wake baada ya shule, kwa maneno yake mwenyewe

Hiyo ya mtu wa tatu ndo dhahabu. Kijana anabadilisha laini, mzazi anahama, ila shangazi au kaka mkubwa namba yake ni ileile miaka kumi.

Ruhusa sasa. Mweleze kwa lugha ya kawaida unachukua nini, kwa nini, nani ataona, utakaa nacho muda gani, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kuulizwa maswali. Asaini, na kama hajafikisha umri wa mtu mzima mlezi asaini pia. Sheria za taarifa binafsi sasa ziko karibu kila mahali: Marekani wana FERPA ya 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, Ulaya GDPR ilianza kutumika Mei 2018, Kenya na Uganda walipitisha za kwao 2019, Tanzania 2022. Soma ya kwako au mwombe anayejua sheria akusomee, hasa kipengele cha watoto. Na kwenye fomu ya ruhusa weka mstari unaosema shule inaweza kuulizia chuo kama amesajiliwa, maana bila hiyo sahihi vyuo vingi vitakufungia mlango na watakuwa na haki.

HATUA YA 4: Tengeneza daftari lako vizuri, mara moja

Excel inatosha, usikubali mtu akuuzie mfumo kabla hujajua unachotaka. Unahitaji shiti mbili tu.

Ya kwanza ni ya watu. Mtu mmoja mstari mmoja, na kila mmoja ana namba uliyompa wewe, kwa mfano 2025-001, ambayo haibadiliki hata akibadilisha jina. Ya pili ni ya matukio, na hapa mtu mmoja anaweza kuwa na mistari kumi: namba yake, tarehe ya tukio, tukio lenyewe (ameomba, amepata, ameripoti na kadhalika), chuo, kozi, ngazi, anasoma muda wote au nusu siku, chanzo cha habari, na nani kaingiza. Ukipata habari mpya UNAONGEZA mstari, hufuti wa zamani. Kama mwezi wa kumi alikuwa chuo na mwezi wa tatu kaacha, vyote viwili ni kweli na vyote vinabaki. Wanaofuta na kuandika juu yake ndo wale baadaye wanajiuliza "huyu si alikuwa chuo?" na hakuna wa kujibu.

Halafu kuna mitego midogo inayoua kazi ya mwezi mzima. Excel ikiona namba ya simu inayoanza na sifuri inadhani ni namba ya kuhesabia, inaila ile sifuri, kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote badilisha kolamu za simu na namba za mtihani ziwe maandishi. Tarehe andika mwaka kwanza, 2025-09-03, kwa sababu 03/09 mmoja anasoma tarehe tatu mwezi wa tisa na mwingine anasoma tarehe tisa mwezi wa tatu, na kompyuta nayo ina maoni yake. Majina ya vyuo yachaguliwe kwenye orodha, yasiandikwe kwa mkono, la sivyo chuo kimoja kitakuwa na tahajia saba.

Kolamu ya chanzo usiidharau. "Mwenyewe kwa simu", "mlezi", "rafiki", "orodha ya chuo", hivyo havina uzito sawa. Rafiki akisema "yuko chuo huyo" inawezekana anazungumzia picha aliyoiona mtandaoni.

HATUA YA 5: Alama za hali

Kila mtu kila raundi lazima awe na hali moja, hakuna kuacha wazi. Tumia chache: chuo kikuu, chuo kingine cha elimu ya juu, ufundi au uanagenzi, anarudia mtihani, ameahirisha nafasi mpaka mwaka ujao, anafanya kazi, utumishi wa lazima kwa nchi zenye huo, analea au anahudumia mgonjwa nyumbani, anatafuta kazi, amefariki, amejitoa kwenye ufuatiliaji, na HAJULIKANI.

Hajulikani na hayuko chuo ni vitu viwili tofauti kabisa na nimeona ripoti rasmi zikivichanganya. Wa kwanza hujampata, wa pili umempata na amekwambia hasomi.

Na hao wa "anafanya kazi" msiwaweke chini kama takataka. Kuna kijana anafanya kazi na jioni anasoma diploma, huyo muweke chuo halafu andika anasoma nusu siku, na kuna aliyepata kazi nzuri kuliko ya mwalimu wake, ndo maisha.

HATUA YA 6: Ratiba

Usiulize mara moja. England takwimu za serikali zinamhesabu mtu kuwa amefika kama ameendelea na masomo, kazi au uanagenzi kwa miezi 6 mfululizo, Oktoba mpaka Machi. Scotland wao wanaangalia mara mbili, kama miezi 3 baada ya kuacha shule na tena kama miezi 9. Njia zote mbili zinakubaliana kwamba siku ya kwanza darasani haitoshi.

Yangu iko hivi. Raundi ya kwanza ndani ya wiki mbili baada ya majibu ya nafasi kutoka. Ya pili wiki ya tatu au ya nne baada ya vyuo kufunguliwa, siyo wiki ya kwanza, maana kuna wanaochelewa kuripoti kwa sababu ya hela na utawahesabu vibaya. Ya tatu miezi sita baada ya kuanza. Ya nne mwanzo wa mwaka wa pili, hii ndo inakuonyesha waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli) na waliokata tamaa. Kisha mara moja kwa mwaka mpaka amalize au mpaka miaka sita ipite.

Kama huna watu wa kutosha kufanya zote basi fanya ya pili na ya nne.

HATUA YA 7: Kuwatafuta

Mpangilio wangu: kwanza meseji fupi yenye jina langu na jina la shule, ili namba ngeni isimtishe. Siku inayofuata napiga. Asipopokea napiga siku nyingine na saa tofauti, mara tatu jumla, moja kati ya hizo iwe jioni au wikiendi. Ndipo namwendea mlezi, kisha yule mtu wa tatu, kisha wenzake wa darasa, mwisho orodha za vyuo. Kila jaribio naliandika, hata la kutopokelewa, ili mwenzangu asije akarudia yaleyale kesho mpaka familia ichukie.

Grupu la WhatsApp tumia kutangaza tu kwamba mtapiga simu. Usiulizie hali za watu mle. Ukiuliza "nani kapata chuo?" mbele ya watu mia, wale waliokosa wanaondoka kwenye grupu usiku uleule na umewapoteza jumla.

Swali la kwanza ndo linaamua simu yote. Ukianza na "vipi, ulipata chuo?" aliyekosa anajisikia kahukumiwa, atasema "niko kwenye mchakato" na hapo hujapata kitu. Mimi naanza hivi:

"Habari yako, mwalimu fulani hapa wa shule yako ya zamani. Uko sehemu unaweza kuongea dakika mbili? Tunawapigia wote wa mwaka wenu kujua mnaendeleaje. Hebu niambie, siku zako sasa hivi zinaendaje, unashughulika na nini?"

Kisha namwacha aongee. Akisema anasoma, nauliza chuo gani, kozi gani, alianza lini, na kama ameshasajiliwa au bado anamalizia. Akisema hasomi nauliza swali moja tu: "kuna kitu kilikwama?" Majibu ya hilo swali nayaandika kwa maneno yake, siyo kwa tafsiri yangu. Halafu namuuliza kama anataka nimuunganishe na mtu wa kumsaidia, na kama namba hii ndo ya kumpata mwakani.

Kwa mlezi badilisha: "Samahani mzazi, namtafuta kijana wetu, shule inataka kujua anaendeleaje, hana kosa lolote." Hiyo "hana kosa lolote" sema mapema sana, maana simu kutoka shule inashtua.

Kuna nchi kazi hii imerahisishwa. Marekani kuna National Student Clearinghouse, ilianzishwa 1993, vyuo vinapeleka kule taarifa za usajili na shule ya sekondari inatuma orodha yake inarudishiwa nani kasajiliwa wapi. Hata huko ambaye hakupatikana kwenye orodha si lazima awe hasomi: labda jina limekosewa, labda alifunga taarifa zake, labda kaenda nje ya nchi.

HATUA YA 8: Kulinganisha orodha za majina

Ukibahatika chuo kikakupa orodha ya wapya, utagundua shida kubwa ya hii kazi siyo kompyuta, ni majina. Mohamed, Muhammad, Mohammed. Catherine na Katherine. Jina la ukoo limetangulia, la kati limeachwa, aliyeolewa kabadilisha, herufi yenye alama juu imegeuka kuwa kiboksi.

Anza na namba kama ipo. England mwanafunzi anapata namba ya tarakimu 10 kuanzia umri wa miaka 14 na inamfuata, hapo kulinganisha ni dakika tano. Kama hamna, tumia tarehe ya kuzaliwa pamoja na jina kamili. Wanaolingana kila kitu weka pembeni, wamekwisha. Wanaobaki ndo wanataka jasho: tafuta tarehe ileile ya kuzaliwa na jina linalokaribiana. Kuna kipimo cha Levenshtein, cha 1965, kinachohesabu ni herufi ngapi ubadilishe, uongeze au ufute ili jina moja liwe jingine, na programu nyingi za bure wanacho. Ukikutana na Soundex, njia ya kulinganisha majina kwa jinsi yanavyosikika, uwe makini, hiyo ilisajiliwa hataza 1918 Marekani na imejengwa juu ya matamshi ya Kiingereza, kwa majina ya kwetu na ya watu wengine wengi inachanganya tu mambo.

Usikubali kompyuta ikuamulie kila kitu. Ivan Fellegi na Alan Sunter mwaka 1969 waliweka utaratibu ambao mpaka leo unatumika: kila jozi iangukie kwenye moja ya makundi matatu, ni yuleyule, siye, au haijulikani mpaka mtu aangalie kwa macho. Hilo la tatu ndo kazi yako wewe. Na mapacha! Tarehe moja, jina la ukoo moja, shule moja, na mara nyingi majina ya kwanza yanayofanana, mimi niliwahi kumpeleka chuo mmoja mara mbili na mwenzie nikamwacha hajulikani mwaka mzima.

Ukimaliza chukua majina ishirini kwa bahati nasibu mpe mwenzako ayaangalie upya bila kuona uamuzi wako. Mkitofautiana kwenye zaidi ya mawili rudi nyuma.

HATUA YA 9: Hesabu

Mfano wa kubuni, darasa la 150. Walioomba 120. Waliopata nafasi 105. Walioripoti 78. Waliofika mwaka wa pili 66.

Asilimia ya jumla ni 66 kwa 150, yaani 44, na hiyo ndo watu wataitaka kwenye kikao. Yenyewe haikufundishi kitu. Hesabu mlango kwa mlango: walioomba ni 80% ya darasa, waliopata ni 87.5% ya walioomba, walioripoti ni karibu 74% ya waliopata, waliovuka mwaka wa pili ni karibu 85% ya walioripoti. Kwa vichwa, 30 hawakuomba, 15 walikataliwa, 27 walipata ila hawakufika, 12 walianza wakaacha.

Wengi wangeanza na wale 30 kwa sababu ni namba kubwa. Mimi ningeanza na 27. Hawa wamefaulu, wameomba, wamekubaliwa, kimebaki kipande kimoja, na mara nyingi kilichowakwamisha ni kidogo kuliko unavyofikiri. Ila kwanza watenganishe: kati ya 27 wangapi wameahirisha rasmi na nafasi yao ipo mwakani? Hao si waliopotea, usiwalilie bado.

Wasiojulikana wanabaki kwenye namba ya kugawia, siku zote. Andika matokeo na mipaka yake. Tuseme kwenye darasa kama hilo kuna 9 hamjawapata, andika: "44 kwa mia kwa uhakika, na kama wote 9 ambao hatujawapata wangekuwa wanasoma ingekuwa 50". Wasiojulikana wakizidi robo ya darasa usitoe asilimia kabisa, toa idadi ya uliowapata na rudi kwenye simu.

Ukigawa kwa jinsia, mchepuo, bweni na kutwa, inafaa sana, ila namba zinakuwa ndogo haraka. Kwenye kundi la watu 8 mtu mmoja ni asilimia 12 na nusu, akipata malaria wiki ya kuripoti tayari "ufaulu umeshuka". Unganisha miaka mitatu. Na kundi likiwa na watu chini ya watano usilichapishe, maana kila mtu pale shuleni atajua ni nani na nani.

HATUA YA 10: Peleka majibu yanakotakiwa

Rudi kwenye yale maneno yao ya "kilikwama nini" yaliyoandikwa kama yalivyosemwa, yapange kwa mafungu. Utaona yanajirudia: malipo ya kuthibitisha nafasi yalikuwa na siku ya mwisho ambayo hakuijua, cheti hakijatoka, fomu ya mkopo ilikosewa sehemu moja, hakuna pa kulala, barua ilienda kwenye imeili asiyoifungua. Kwa kila fungu uliza, hili lingejulikana lini mapema? Hapo ndo unaweka msaada mwaka unaofuata.

Kitu kimoja nafuu ni mtu wa shule kuwa zamu kwenye ile miezi kati ya nafasi na kuripoti, akiwa na orodha ya tarehe za kila chuo, anakumbusha kila mmoja kuhusu tarehe YAKE. Castleman na Page walijaribu meseji za kukumbusha, na baadhi ya maeneo zilisaidia. Lakini usifikiri ni meseji tu: baadaye Marekani walifanya jaribio kubwa la kampeni za kukumbusha lililogusa wanafunzi zaidi ya 800,000 na halikubadilisha kitu cha maana. Mimi nalisoma hivi, meseji ya mtu anayekujua na utakayemjibu haifanani na tangazo.

Walimu wa masomo wapelekee vilevile, ila siyo kwa majina. Mwalimu akijua kwamba wanaoacha kozi za uhandisi mwaka wa kwanza wanataja hesabu ileile, atajua afanye nini mwenyewe.

HATUA YA 11: Kutunza na kufuta

Ile shiti ya watu, yenye mawasiliano yao, iwe faili tofauti na ya matukio, yenye paswedi, na wanaoifungua wawe wawili: mhusika na msaidizi wake. Wawili kwa sababu mmoja akihama shule anaondoka na kila kitu kichwani, nimerithi faili lenye kolamu inaitwa "X2" na mpaka leo sijui ilikuwa nini. Andika ukurasa mmoja unaoeleza kila kolamu na kila alama, uuweke shiti ya kwanza. Bakapu iwe sehemu nyingine, siyo flashi iliyo kwenye droo ileile.

Mtu akijitoa, futa simu na jina lake siku hiyohiyo, ibaki ile namba uliyompa tu na alama ya kujitoa ili jumla isivurugike. Miaka sita ikiisha futa faili lote la mawasiliano ya kundi hilo, bakapu nayo usiisahau, na kwenye shiti ya matukio ondoa majina na tarehe za kuzaliwa kama kuna zilizoingia humo, ukiwa na shahidi pembeni anayesaini kwamba kaona.